Binamu ameshika hisa za kaka: nani aandikwe kwenye fomu ya wamiliki manufaa?

Swali: Assalamu alaykum. Nina kampuni ndogo ya limited hapa Kilifi, tunapeleka samaki na mboga mahotelini na katika shule mbili za bweni za serikali. Tuliisajili 2017. Hisa ni 1,000: mimi 550, marehemu mume wangu 250, binamu yangu 120, na mzee mmoja aliyetupa lori na friza kubwa ana 80. Zile 120 za binamu ni jina tu, pesa zilitoka kwa kaka yangu aliye Minnesota. Mume wangu alifariki 2022 na mirathi hatujaifanya; nina kijana wa miaka 22 na binti wa 19. Sasa shule moja inataka fomu ya wamiliki manufaa kwenye tenda. Kijana wa saiba ataka elfu kumi na tano, asema niandike jina langu peke yangu yaishe. Kaka naye asema sheria hiyo imefutwa. Nifuate la nani?

Jibu:

Waalaykum salaam, dada yangu. Usimlipe kijana wa saiba kwanza. Sisemi hivyo kwa sababu ya elfu kumi na tano. Akishabonyeza kitufe, maelezo yatakuwa yako wewe mkurugenzi, si yake, na kuna watu wasiopungua watatu wanaojua kwamba kampuni hiyo si yako peke yako. Mmoja wao ndiye mwenye lori.

Kaka yako hakukudanganya, ila amekwambia habari ya kwao. Nitamrudia.

Tuelewane jina kwanza. Sheria na fomu zimeandikwa kwa Kiingereza, na hapa Kenya kila mtu hulitafsiri neno lile apendavyo. Majirani zetu wa BRELA, wasajili wa kampuni kule Tanzania, wameliita "mmiliki manufaa", nami naliazima kwa sababu limebeba swali lenyewe: ukiacha makaratasi, manufaa na usukani wa kampuni hii viko kwa nani? Ndiyo maana CR12 yako, ile hati ya Msajili inayoorodhesha wakurugenzi na wanahisa, haitoshi. CR12 inamwonyesha binamu na hisa 120, na inasema kweli kuhusu daftari la wanahisa. Kuhusu dola zilizotoka Minnesota haina habari.

Sheria ya Kampuni ya 2015 iliongezewa kifungu cha 93A mwaka 2019, kanuni zikafuata 2020, na sajili ya mtandaoni ikafunguliwa tarehe 13 Oktoba 2020. Kampuni zilizokuwapo zilipewa muda, na muda wenyewe ukasogezwa hadi 31 Julai 2021. Ya kwenu ilikuwapo. Kwa hiyo mmechelewa, tena sana, na heri ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwingine. (Mwenye jina la biashara tu, duka lisilo limited, hamo katika kanuni hizi. Hao hunipigia simu kwa wasiwasi kuliko wanaohusika hasa.)

Mtu huwa mmiliki manufaa kwa kupitia mlango mmoja kati ya minne, na mmoja tu unatosha. Awe na asilimia 10 au zaidi ya hisa, kwa mkono wake au kupitia kwa mwingine. Au awe na asilimia 10 au zaidi ya kura, vilevile kwa mkono wake au kwa mgongo wa mtu. Au awe na haki ya kumweka au kumwondoa mkurugenzi. Au awe na ushawishi mkubwa juu ya kampuni, ambao kanuni zinaueleza kuwa ni kushiriki katika fedha na sera za fedha za kampuni hata kama mtu hana mamlaka kamili juu yake. Na lazima awe binadamu. Kampuni ikishika hisa ndani ya kampuni nyingine, unapanda ngazi hadi umkute mtu mwenye kitambulisho.

Wengi husoma mlango wa kwanza wakafunga kitabu. Hapo ndipo wanapokosea, na kwenu hapo ndipo pana kazi.

Wewe hatuna la kujadili: asilimia 55, na hundi unasaini wewe. Twende kwa wengine.

Binamu. Hisa 120 ni asilimia 12, amevuka mstari, na jina lake ndilo lililo kwenye daftari. Lakini wewe mwenyewe umesema ni jina tu. Basi anayezimiliki kupitia kwa mwingine ni kaka yako, na kaka ndiye anayeingia kwenye fomu, sehemu ya namna ya umiliki ikieleza kwamba ni hisa 120 zinazoshikwa kwa niaba yake na binamu. Hilo litamfurahisha kaka akielewa. Leo hii, binamu akiamka na kusema "hisa ni zangu, angalieni CR12", kaka ana nini mkononi? Risiti za kutuma pesa za 2017, kama bado anazo, na jumbe za WhatsApp kwenye simu ambayo huenda imeshauzwa. Nimewahi kukaa mezani na familia iliyofika hapo. Aliyeshika jina alikufa, watoto wake wakaona hisa kwenye karatasi za baba yao, nao hawakuwa na sababu ya kuamini hadithi ya shangazi. Hawakuwa wezi. Walisoma kilichoandikwa.

Kwa hiyo kabla ya fomu, binamu na kaka watie saini hati fupi kwa wakili, isemayo kwamba binamu anazishika hisa hizo kwa amana na kaka ndiye mwenye faida na kura. Au mlimalize kabisa: binamu azihamishie kwa kaka kwa fomu ya kuhamisha hisa, mlipe ushuru wa stempu wa asilimia 1, CR12 isomeke jina lake. Mimi napenda njia hii ya pili. Amana ya jina ilikuwa na maana watu walipotaka kujificha. Kaka yako alikuwa mbali tu, na siku hizi mbali si sababu.

Ila muulize kaka swali moja ambalo familia huona haya kuuliza: ana pasipoti ya wapi? Katiba, kifungu cha 65, inaihesabu kampuni kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa yote na raia, na mali ya amana vivyo hivyo hutazamwa kwa mnufaika wake. Kama alichukua uraia wa Marekani kabla ya Katiba ya 2010 na hajaurudisha wa Kenya, basi kampuni yenu, kwa sababu ya asilimia 12 tu, si ya raia mbele ya sheria ya ardhi. Haitaweza kushika ardhi isipokuwa kwa hati ya kukodi isiyozidi miaka 99. Kama hamna kiwanja kwa jina la kampuni na hamna nia ya kununua, lipite. Kama mnacho, nenda kwa wakili kabla hujaenda popote.

Sasa mzee wa lori. Kila mtu akiona asilimia 8 humwacha nje, na kijana wa saiba hakumtaja kabisa. Fungua kabati utafute makubaliano mliyoandikiana alipowapa lori na friza. Watu wa umri wake hawatoi lori kwa neno la mdomo. Kama kuna mstari usemao kwamba atachagua mkurugenzi mmoja, au kwamba mkurugenzi fulani hataondolewa bila ridhaa yake, ameshaingia kwa mlango wa tatu na asilimia zake hazina maana tena. Kama hakuna mstari kama huo, jiulize la nne: je, mnaweza kukopa bila kumuuliza? Bei ya samaki wa hoteli mnaipanga pamoja? Mgawo wa faida unasubiri aseme ndiyo? Ikiwa jibu ni kwamba fedha haziendi bila yeye, mwandike. Ikiwa anapokea sehemu yake mwisho wa mwaka na kuuliza hali ya lori tu, yeye ni mwanahisa mdogo, na fomu haimhusu. Mhasibu wako pia, kwa vile anaingiza hesabu vitabuni tu na haamui, haimhusu.

Nimefika kwa marehemu, Mungu amrehemu. Hapa ndipo penye uzito.

Maiti si mmiliki manufaa. Hawezi kupiga kura wala kupokea mgawo, na ukimwandika utakuwa umeandika jambo ambalo cheti cha kifo kinalikanusha. Wala hisa zake hazikuhamia kwako kimyakimya kwa kuwa ulikuwa mke wake. Hilo wajane wengi hulidhani. Ziko kwenye mirathi. Nenda mahakama ya Kadhi ukaombe hati ya usimamizi wa mirathi. Ukishaipata, msimamizi ndiye mwenye sauti juu ya hisa 250 mpaka zigawanywe, na kama msimamizi ni wewe, maelezo yako kwenye sajili yaongezwe jambo hilo. Mirathi ikigawanywa, sajili inabadilika tena.

Nikuonyeshe kwa hesabu, nikichukulia kwamba wazazi wake wote wametangulia na warithi ni wewe, kijana na binti. Wewe una thumni kwa kuwa kuna watoto: 250 gawanya kwa 8 ni 31.25. Zinabaki 218.75, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja: kijana 145.83, binti 72.92. Hisa haikatwi vipande, kwa hiyo Kadhi akiidhinisha, mtakubaliana 31, 146 na 73, jumla 250. Umeona kilichotokea? Kijana ana asilimia 14.6, ni mmiliki manufaa na lazima aandikwe. Binti ana 7.3, hayumo. Wewe unafika 581. Watoto wa nyumba moja, mirathi moja, mmoja yuko kwenye sajili ya serikali na mwingine hayuko. Hilo si dharau kwa binti wala kupunjwa; mstari wa asilimia 10 haujui nani ni ndugu ya nani. Mwambie mapema, asije akaona fomu akafikiri ametolewa kwenye mali ya baba. Na kama baba au mama wa marehemu yuko hai, ana sudusi yake, moja ya sita, na hesabu yote hii inavunjika, mwachie Kadhi.

Usisubiri mirathi iishe ndipo uwasilishe. Wasilisha sasa wale unaowajua kwa hakika, kisha badilisha mahakama ikisema. Kanuni zinataka mabadiliko yapelekwe kwa Msajili ndani ya siku 14 tangu yaingizwe kwenye daftari lenu. Daftari lenyewe, ukishalikamilisha mara ya kwanza, nakala yake iende ndani ya siku 30. Nasema daftari makusudi. Watu hudhani kazi yote iko mtandaoni, kumbe kampuni yenyewe inatakiwa kuwa na daftari lake la wamiliki manufaa, na la eCitizen ni nakala. Hata kitabu cha mistari kitafaa, mradi kikae ofisini na kisiwe kile cha deni la mahoteli.

Kwa kila mtu utahitaji jina kamili, namba ya kitambulisho au pasipoti, PIN ya KRA, uraia, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya posta, ya kazini na ya nyumbani, simu, barua pepe, kazi anayofanya, namna anavyomiliki au kudhibiti, na tarehe aliyoanza kuwa mmiliki. Hiyo tarehe ya mwisho ndiyo inayowasumbua watu. Ya kaka si leo. Ni siku hisa zile zilipoandikwa kwa binamu mwaka 2017. Usiiogope kwa sababu inaonyesha mmechelewa. Ukiweka ya wiki hii, siku mtu akilinganisha na stakabadhi za benki, kosa la kuchelewa litakuwa limegeuka kosa la kudanganya. Kaka kama hana PIN, iTax ina njia ya kumsajili asiye mkaazi.

Itakuwaje mmoja akigoma kutoa maelezo? Mwandikie barua rasmi ya kampuni. Ana siku 21 za kujibu. Asipojibu, kanuni zinaruhusu aonywe na kisha hisa zake zifungwe: asizihamishe, asipigie kura, asilipwe mgawo. Sidhani mtafika huko. Mara nyingi anayegoma anaogopa jambo moja, kwamba majirani watajua. Mtulize. Sajili hii haikufunguliwa kwa kila mpita njia kama CR12. Wanaoweza kuiomba ni vyombo kama Mwanasheria Mkuu, wapelelezi wa jinai, KRA na kituo cha kufuatilia fedha haramu. Mlango uliofunguliwa zaidi ni wa tenda: mabadiliko ya kanuni ya 2022 yameruhusu taarifa zifike kwa taasisi ya umma inayonunua, na za kampuni iliyoshinda zitangazwe. Kwa hiyo ukitaka kupelekea shule ya serikali samaki, kubali kwamba umma unaweza kujua uko na nani.

Na hapo ndipo ushauri wa saiba unapovunjika. Nyaraka za tenda zina fomu yake ya wamiliki manufaa. Benki yako nayo, ulipofungua akaunti au ulipoomba mkopo, ilikuuliza maswali yaleyale. Ukiandika jina lako peke yako kwa Msajili, benki iwe na la marehemu na binamu, na tenda iwe na la tatu, huhitaji mpelelezi. Karani wa ununuzi mwenye karatasi tatu mezani atakugundua.

Adhabu iliyoandikwa kwenye sheria kwa kutowasilisha ni faini isiyozidi shilingi 500,000 kwa kampuni na kwa kila afisa aliyekosa, na kosa likiendelea, hadi shilingi 50,000 kwa siku. Hiyo hutozwa mtu akipatikana na hatia mahakamani. Sikutishi nayo. Kwa biashara ya ukubwa wako, hasara ya karibu ni tenda iliyopita bila wewe. Na usitarajie serikali italegeza: Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na fedha haramu, na taarifa sahihi za wamiliki manufaa ni mojawapo ya mambo iliyoambiwa irekebishe. Tanzania iliingia Oktoba 2022, ikatoka Juni 2025, kwa hiyo Nairobi inajua kwamba njia ya kutoka ipo.

Sasa Minnesota. Marekani walikuwa na sheria yao, ilianza kazi tarehe 1 Januari 2024, mstari wao ukiwa asilimia 25. Ikapigwa mahakamani huku na huko, na Machi 2025 wizara yao ya fedha ikaziondolea kampuni zilizosajiliwa humo humo Marekani wajibu wa kuwasilisha. Ndiyo aliyoisikia kaka, na kwa kampuni yake ya huko, kama anayo, yuko sawa. Lakini haigusi kampuni ya Kilifi hata nukta. Tena kuna kinyume chake cha kuchekesha: waliobaki wakidaiwa huko ni kampuni za kigeni zinazosajiliwa kufanya biashara katika jimbo la Marekani, nazo hupewa siku 30. Kwa hiyo kaka akija na wazo la kuisajili hiyo kampuni yenu Minnesota ili muuze dagaa kwa ndugu wa huko, yenu ndiyo itakayokuwa imebanwa na sheria anayosema imefutwa. Afadhali afungue ya kwake.

Basi wiki hii: makubaliano ya mzee kabatini, simu kwa kaka kuhusu pasipoti na amana, safari ya kwa Kadhi na cheti cha kifo. Binamu muite nyumbani, usimwambie kwa simu. Ukishapata majibu ya mzee na kaka, jaza daftari lako kwa kalamu, kisha ingia eCitizen, kwenye Huduma ya Usajili wa Biashara, uwasilishe. Fomu ya tenda uinakili kutoka hapo, neno kwa neno.

Kijana wa saiba ukimhitaji kwa kuskani, mlipe kuskani. Ada yoyote ya serikali huja na ankara ya eCitizen yenye jina la kampuni yako. Asipokuonyesha ankara, hiyo ni ya kwake. Na kabla hujatoka pale, tazama akaunti ya eCitizen ya kampuni imeunganishwa na namba ya simu ya nani. Nimekuwa na wateja ambao namba ya siri ya kuingilia ilikuwa ikienda kwa mtu wa saiba aliyekwisha hamia Eldoret.